Mafuta ya Ngombe mu Pistole

Bwana yangu alikufa na pistole mwilini, na mu ile pistole hamukutoka hata risasi moja. Juu ya ile tu, watu ya Kirolirwe walisema alikuwa anakula pamoja na wezi ya ngombe. Alizikwa inje ya lupango ya mama yake, ile kiwanja ya nyumba yenye wanazikaka watu yao, mbali na baba yake, kama muntu ya kupita njia. Mimi nilisoma kidogo, primaire sikumaliza, na mukono yangu ya kuume haishike kalamu muzuri tangu ile asubuhi. Lakini nitaandika, juu wenye walisema vile bado wako hai, na wanakunywa maziwa.

Majina sitaandika. Kazi ya kila mumoja nitaitaja, na mwenye alifanya atajiona.

Mimi ni mutoto ya Walikale, ya pori. Baba yangu alilima muhogo na kutega wanyama, na mafuta ya mawese mu nyumba yetu ilikuwa maji mwaka muzima, saa yote. Wakati niliolewa huku Masisi, Kirolirwe, nilipanda mulima na bidon ya mawese ya mama yangu, zawadi ya mama-mukwe. Asubuhi ya kwanza nikainamisha bidon, hakuna kitu. Nikatikisa. Ilikuwa imekamata ndani kama udongo. Nilikaa chini nikalia, nikasema kwetu waliniuzia mafuta mubaya, nitapata haya mu nyumba ya wenyewe. Mama-mukwe akacheka mpaka akashika ukuta.

«Mukamwana,» akasema, «huku hata mafuta inalala. Iache ku jua, itaamuka yenyewe.»

Nilijifunza. Kirolirwe baridi ya asubuhi inaingia mpaka mu meno. Majani inakuwa nyeupe, ngombe wanatoa moshi mu pua, na siagi mu kibuyu inakuwa ngumu mpaka unaikata na kisu. Kila muntu pale anajua siagi inalala usiku. Hakuna mwenye alifikiri kusema pistole nayo inalala inje.

Bwana yangu alikuwa mukubwa ya wachungaji mu ferme ya patron mumoja mwenye anaishi Goma. Patron alikuja mara moja moja na gari yake, anahesabu ngombe, anapakia fromaji, ile maziwa ya kugandishwa, anaenda. Mwenye alitawala mulima ilikuwa kapita, musimamizi yake. Ni yeye alisema nani analala mu nyumba ya ferme na nani anatoka, nani atalima maharagi mu pembeni ya majani na nani hapana. Alivaa koti nyeusi nzito, hata ku jua ya saa sita. Mimi nilipika fromaji mu kile kijumba ya matofali karibu na lupango ya ndama, na bwana yangu alikamua. Tulikuwa na binti mumoja. Hatukukosa maziwa.

Wakati wezi walianza kupita mu ferme ya majirani, patron akaleta pistole. Alimupa kapita, pamoja na kachupa ka mafuta ya kupaka silaha. Kale kachupa nilikaona na macho yangu, nilikuwa napeleka fromaji ku gari. Kalikuwa ka plastiki nyeupe, na kamudomo karefu kama ka ndege. Kapita alikuwa na bunduki yake mwenyewe ya kuwindia, aliipenda kuliko bibi yake. Pistole akamupa bwana yangu. Kachupa kakabaki mu koti.

Ile pistole ilikuwa nyeusi, nzito kuliko ukubwa yake. Ilikuwa na chuma ya juu yenye inatembea. Mwenye hajue, nitamwambia: kwanza unaivuta nyuma mpaka mwisho, unaiachia, na mu kurudi inabeba risasi ya kwanza na kuiweka mahali pake. Kama haukuivuta, uko na jiwe mu mukono. Na ya kwetu ilikuwa ngumu. Bwana yangu alikuwa na nguvu, alishika ngombe dume ku pembe, lakini gumba yake ya kushoto ilivunjwa na kamba zamani na haikupona muzuri. Akakamata ile chuma na gumba na kidole ya kwanza, kama muntu anatoa kupe ku sikio ya ngombe. Akavuta. Vidole ikateleza.

Kapita alisimama anaangalia. «Unaogopa kuiumiza? Ile haiko chuchu, bwana.»

Wachungaji wakacheka. Bwana yangu naye akacheka, alikuwa muntu ya kucheka wakati wanamucheka.

Chini ku barabara kulikuwa muzee mumoja, askari ya zamani, mwenye alibakia na kofia yake na kiu ya kasiksi, pombe ya ndizi. Bwana yangu akamubebea maziwa, akamuita nyumbani. Muzee akakaa ku kiti, akakataa chai kwanza, akanyoosha mukono.

«Leta. Masasi yote inje. Hapana kuniambia ilishatoka, ninataka kuiona ku meza. Angalia mu tundu. Ingiza kidole. Hamuna kitu?»

«Hamuna, Papa.»

«Muzuri. Na mudomo yake ielekee ku ukuta ya mulima, hapana ku mama mwenye anapika chai yangu.»

Akamwangalia bwana yangu anavuta, akatikisa kichwa.

«Unavuta na vidole. Vidole iko na nguvu gani? Nguvu iko mu mugongo. Pitisha mukono ya kushoto juu, kama unashika mutoto kichwa wakati anakataa dawa. Vidole ine upande huu, kiganja upande ule. Ile gumba yako ya kufa iache ilale, haina kazi hapa. Na usifunike kale kadirisha, ni pale njo inatapikia. Sasa ilete karibu na kifua. Karibu tena. Unaiogopa?»

«Siiogope.»

«Basi usivute. Sukuma. Mukono ya kuume inasukuma mbele, mukono ya kushoto inabaki pale kama nguzo. Kwa mara moja.»

Ile chuma ikaenda nyuma, ikalia. Binti yetu, alikuwa bado mudogo, akapiga makofi. Lakini bwana yangu akairudisha polepole na mukono, na ikasimama njiani.

«Unaisindikiza wapi?» muzee akasema. «Ni mugeni? Ukiisha kuivuta, achilia. Ijirudie yenyewe na hasira yake. Ukiisindikiza, inaishia njiani, na mwenye anakuja kukuua hatangoje.»

Akamuonyesha tena kale kanyundo ka nyuma, namna ya kukalaza kwanza na gumba ya kuume, ili chuma ya juu ibaki na kazi moja tu. Kweli ikawa nyepesi zaidi. Halafu akapitisha kidole mu njia ya chuma, akaangalia kile kidole.

«Kavu kama mufupa. Mafuta yake iko wapi?»

«Iko kwa kapita.»

«Basi kamuombe. Hii yote yenye nimekufundisha, bila mafuta ni mazoezi ya mikono.»

Kesho yake bwana yangu akaenda. Nilikuwa mulangoni ya kijumba ya fromaji, nilisikia yote. Akaomba na heshima, kofia mu mukono. Kapita alikuwa amekaa ku jiwe, bunduki yake ya kuwindia ku magoti, na kale kachupa kako pembeni yake, karibu kuisha.

«Mafuta?» kapita akasema. «Wewe unaishi mu mafuta. Siagi yote hii ya patron, unapaka ku ngozi, unapaka ku kamba, unapaka ku matako ya mutoto yako. Paka na ku pistole.»

«Muzee anasema kuko mafuta yake, ya kipekee.»

«Muzee gani? Ule mwenye anakojoa mu barabara? Mimi njo nakuambia. Mafuta ya ngombe inapita yote.»

Nimetaja. Ni kapita njo alisema vile, na kinywa yake, mbele ya kachupa.

Na kusema kweli, bwana yangu hakuona ubaya. Kwetu pale mafuta ya ngombe inafanya kila kazi. Kisu kikikwama mu ala, mafuta ya ngombe. Mulango ikilia, mafuta ya ngombe. Mutoto akizaliwa, mafuta ya ngombe. Akachemsha siagi kidogo, akatoa povu, akaipaka mule mu njia ya chuma na unyoya ya kuku. Pistole ikanuka kama jiko. Na ikawa laini. Kila jioni, kiisha chakula, alikaa karibu ya moto, anatoa masasi, anaingiza kidole mu tundu vile muzee alisema, halafu anaanza. Mukono juu, kifua, sukuma, achilia. Binti yetu alimusumbua: «Papa, ile ngombe yako nyeusi itatoa maziwa siku gani?» Na yeye anajibu: «Ngoja, bado inaniogopa.»

Alijua njia zote. Lakini alizijulia karibu ya moto.

Ile asubuhi ukungu ilikuwa mpaka chini. Usiku yote bwana yangu alilala mu banda ya kukamulia, juu walisema wezi wameonekana upande ya pili. Pistole ilikuwa mu koti yake, na koti ilikuwa imeanikwa ku musumari, ku nguzo. Mimi nilifika na bidon, nikamukuta amechuchumaa chini ya ngombe, mikono mpaka ku viwiko maziwa na siagi, juu mwenye anakamua anapaka siagi ku vidole. Hatukusalimiana hata. Mbwa alilia mara moja, akanyamaza.

Walitoka mu ukungu upande ya juu, wanatembea polepole kama watu wanaenda soko. Mumoja wao nilimujua. Alikuwa ananunua fromaji kwangu, akipenda ile yenye ilishakauka, na kila mara aliuliza binti yangu anasoma mwaka ya ngapi. Hii nayo naitaja.

Bwana yangu akanisukuma mu lupango ya ndama. «Lala kati yao,» akasema. Nikalala. Kati ya miguu ya ndama nilimuona anachukua koti, anatoa pistole, anapangusa mikono ku suruali. Akapitisha mukono juu, vile muzee alifundisha. Akaileta ku kifua. Akasukuma. Haikuenda. Akalaza kanyundo, akasukuma tena, mugongo yake yote ikakunjika. Ile chuma ikatembea kidogo, ikasimama njiani kama mulango ya mbao wakati ya mvua. Akairudisha, akajaribu tena. Wao walikuwa wanakaribia, hawakukimbia.

Halafu akafanya kitu chenye sikuelewa. Akainua sweta yake, akaingiza pistole mu kwapa, ku ngozi, akabana mukono. Akasimama vile, anawaangalia, anabana na nguvu yake yote. Midomo yake ilikuwa inatembea. Nilifikiri anaomba Mungu.

Ule ya fromaji akacheka. «Papa, unasikia baridi?»

Walimupiga risasi amesimama vile. Ndama wakaruka, wakanikanyaga mukono, mufupa ikalia, sikutoa sauti. Walifungua lupango kubwa, wakaenda na ngombe mu ukungu, na nilisikia kengele ya ile ngombe ya mbele mpaka ikapotea. Wakati nilimufikia bwana yangu, pistole ilikuwa bado mu kwapa. Mukono yake ilikuwa imeifunga, kapita njo alikuja kuitoa.

Patron alifika kutoka Goma, mazishi ilikuwa imechelewa kwa kumungojea. Walikutanisha watu mbele ya kijumba ya fromaji, saa sita, jua kali. Nilikuwa na mukono mu kitambaa. Patron hakupiga kelele. Aliuliza tu: pistole niliwapa, ngombe iko wapi?

Nilielewa kapita anaogopa. Kama patron angeuliza mambo ya silaha, angeuliza pia mambo ya kachupa. Basi kapita akasema mbele: «Patron, silaha ilikuwako. Mulinzi hakupenda kuitumia. Uliza bibi yake.»

Patron akaniuliza niliona nini. Nikasema vile niliona, sikuongeza, sikupunguza. Nikasema alijaribu kuivuta na ikakataa. Nikasema kiisha pale aliiweka mu kwapa, chini ya sweta.

«Mumesikia?» kapita akasema. «Bibi yake mwenyewe. Mwizi anakuja, yeye anaficha silaha.»

Ule muzee askari alikuwa nyuma, ameegemea fimbo. Akasema: «Nipeni ile pistole niisikie harufu.»

«Harufu?» kapita akasema. «Muzee, ukikaribia na kasiksi yako, hata ngombe mwenyewe hatasikia harufu yake.»

Watu wakacheka. Muzee akainamisha kichwa. Watu ile siku walitaka kucheka, kila mumoja aliogopa jina yake itaitwa.

Kapita akaingiza mukono mu koti nyeusi, kule ndani karibu na mwili, akatoa pistole. Akatoa na kitambaa nyeupe ya mufuko. Akapitisha kitambaa ku pembe ya ile chuma, upande huu, upande ule, polepole. Niliona kitambaa inabaki na rangi ya manjano. Niliona, na sikujua naona nini. Halafu akaelekeza pistole ku mulima, akakamata ile chuma na vidole mbili tu, ile namna ya kupe yenye muzee alikataza, na akaivuta. Ikaenda kama kitu yenye inaitikia.

«Na vidole mbili,» akasema. «Hata mutoto.»

Patron akasema basi. Akaingia mu gari.

Ninasema kapita alijua. Muntu hapanguse uchafu yenye hajue kama iko pale. Akiisoma hii, aseme ni uongo mbele yangu.

Jioni ile kapita alienda kwa mama-mukwe. Walizungumuza nini, sikuwako. Asubuhi mama-mukwe akanitumia neno: mutoto yake hataingia mu lupango, mu migomba yenye baba yake amelala. Mwenye kula na wezi alale kwenye wezi walipita. Tukamuzika ku ukingo ya ferme, chini ya mikaratusi, pale mizizi inakunywa maji yote na hakuna maua yenye inashika. Kuimba waliimba, lakini kwa haraka. Na mu lupango ya mama-mukwe, tangu ile siku, jina yake haikutajwa. Wakati wanahesabu watoto ya baba yao, waliruka kutoka mukubwa mpaka mudogo, kama pale kati hapakukuwa muntu.

Walitutoa mu nyumba ya ferme. Kiisha vita ingine ikatuondoa wote, wenye kosa na wenye haki. Wengine walirudi ku mulima; mimi na binti tukafika Lushebere, mu kambi, mu nyumba ya shitingi, plastiki tu, yenye upepo inaongea nayo usiku muzima. Muzee askari alikufa njiani, walisema. Nilikuwa nalima mu shamba ya watu, na mukono moja na nusu. Mara kwa mara watu ya kwetu Walikale walipita na mawese, nilinunua kachupa, ilikuwa kama kuona mama yangu.

Binti akakomaa. Akapata kijana mumoja, kijana akaenda Walikale kuchimba mawe ya madini, mpaka leo hatujue kama yuko ndani ya shimo ao kwa bibi mwingine. Mutoto akazaliwa, mwanaume. Kwa vile baba yake hayuko, jina ilitakiwa kutoka ku upande ya bwana yangu, na kule kwao mwenye kutoa jina ni mama mukubwa ya lupango. Binti alitaka jina moja tu, ya baba yake. Tukatuma neno Kirolirwe. Jibu ikarudi: jina ingine yoyote, ile hapana.

Mutoto akakaa bila jina. Tulimuita «mutoto».

Njo ile asubuhi, mu kambi, jirani mama mumoja akaja na kikombe. «Mama, unipe mawese kidogo, ya mboga.» Nikakamata chupa, imelala. Moto sikuwa nimewasha bado. Nikafanya vile tunafanyaka tangu niliolewa: nikainua kitambaa, nikaingiza chupa mu kwapa, ku ngozi, nikabana mukono. Nikasimama vile, nangojea iamuke. Jirani akaniangalia akasema: «Mama, unasikia baridi?»

Sijui nilifanya uso gani. Alirudi nyuma hatua. Mimi nilikuwa nimesimama na mukono imebana, na nilijiona mimi mwenyewe kwa inje, na haikuwa mimi.

Bwana yangu hakuficha kitu. Siagi ilikuwa imelala mu pistole, usiku yote ku musumari, na mu dakika ya mwisho njo alielewa. Aliiweka mu kwapa vile tunawekaka chupa. Ile midomo yenye nilifikiri inaomba, labda ilikuwa inaiambia iamuke. Alikosa tu wakati. Na kwa kapita, pistole ilifika saa sita, kutoka ndani ya koti, karibu na mwili, imeshaamuka.

Nililia mbele ya ule jirani mpaka mawese ikawa maji.

Tukaenda Kirolirwe, mimi, binti na mutoto, wote ku pikipiki moja. Tulifika jua inashuka. Mama-mukwe alikuwa amezeeka, macho ya ukungu, lakini kiti yake ilikuwa mahali pale pale ya mulango. Akatupokea vile wanapokea wageni ya kanisa. Hakuuliza mutoto anaitwa nani. Kabla ya kulala, niliweka chupa ya siagi inje, ku jiwe, siagi yenye nilinunua ku barabara, laini bado.

Asubuhi nikaichukua, nikaiweka mu mikono yake.

«Mama, nimiminie.»

Akainamisha chupa. Akaisogeza karibu ya macho. «Umesahau? Huku inalala.»

«Sikusahau, Mama. Wewe njo ulinifundisha.»

Nikamuelezea. Muzee na masomo yake, kachupa nyeupe, kapita ku jiwe, unyoya ya kuku, musumari, ukungu. Nilisema polepole, vile unaeleza mutoto. Wakati naongea, yeye, bila mimi kumuambia, alivuta kitambaa yake, akaingiza chupa mu kwapa, akabana. Mukono yake ya uzee ilifanya vile inajua, kichwa bado inasikiliza. Nilifika pale bwana yangu anainua sweta yake. Nikaangalia ile chupa mu kwapa yake.

Akaangalia mukono yake mwenyewe.

«Alikuwa anaiamusha,» akasema.

«Ndiyo, Mama.»

Binti alikuwa ananyonyesha. Mimi nilingojea alie, nilingojea aseme alikosea, nilikuja na njaa ya ile neno miaka yote.

«Sikuhitaji siagi yako,» mama-mukwe akasema. «Mutoto yangu nilijua. Nilimuzaa, nilijua anaweza nini na hawezi nini. Hakuwa mwizi.»

«Basi juu ya nini, Mama?»

«Shamba yangu ya maharagi iko mu mulima ya nani?»

Niliangalia juu, ku majani ya patron.

«Ule kapita alikaa hapo wewe umekaa. Akaniambia: mama, ukimuzika mwizi mu migomba yako, patron atasema lupango yote ni ya wezi, na maharagi ulime mu barabara. Nilikuwa na wajukuu wale wote. Wewe ulikuwa na mukono ya kuvunjika, ungelima?»

«Na leo?»

«Leo bado nalima pale pale.»

Nilitaka kumupiga. Naandika vile ilikuwa. Mama muzee mwenye macho ya ukungu, na nilitaka kumupiga, na nilitaka pia kulala ku magoti yake. Alitoa chupa mu kwapa, akaiinamisha, siagi ikatembea polepole upande moja. Akajipaka kidogo ku kiganja. Akasema: «Nileteeni ule.»

Binti akamuletea mutoto. Mama-mukwe akamupaka ku utosi, ku masikio, ku kifua, akainamisha kinywa ku sikio ya mutoto, na akasema jina ya bwana yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia mu ile nyumba tangu tulimuzika. Aliisema na sauti ya chini, ile ya kuongea na muntu mugonjwa.

«Mu nyumba hii, ni ile,» akasema. «Kule mu kambi yenu, ni ile. Lakini hapa ku barabara, watu wakiuliza, mutasema hajapewa.»

«Mama, mutoto atajificha jina yake mpaka lini?»

«Mpaka maharagi yangu ivunwe,» akasema. «Ao mimi nife. Ile yenye itafika mbele.»

Tukaondoka wakati jua imeshapanda. Pikipiki ilipita ku ukingo ya ferme, nikamuambia kijana mwenye aliiendesha asimame. Waya ilikuwa mupya, yenye miiba. Ng'ambo yake mikaratusi imekuwa mirefu, kaburi haionekane tena, ni majani tu, na ngombe ya wengine inakula pale juu. Mbali kidogo, ku jiwe yake, koti nyeusi ilikuwa imekaa. Alituona. Aliinua mukono, kama muntu anasalimia wageni.

Binti alisema: «Mama, muite. Muambie.»

Nikaingiza mukono mu kapu, nikatoa chupa. Ilikuwa imekaa ku jua muda yote ya njia. Siagi ilikuwa maji, safi, inatembea huku na huku, unaona mpaka upande ingine. Kama ningesimama pale kuita watu ya Kirolirwe, wangekuja, wangeangalia ile chupa, na wangecheka mara ya pili.

Niliirudisha mu kapu. Nikamuambia kijana twende.